NGUVA NA NDOVU: JAMAA WAWILI, MMOJA WA BAHARINI NA MMOJA WA BARA

Mtu akisimama ufuoni Kigombe, katikati ya Tanga na Pangani, mbele yake yu na bahari na nyuma yake yu na minazi na mashamba ya mkonge. Akishika njia ya kusini akavuka mto wa Pangani, akaendelea mbele, atafika Saadani, mahali ambapo nyika na bahari hukutana, na ndovu huweza kuonekana si mbali na mchanga wa pwani. Tena katika bahari iyo hiyo yuko, au tuseme alikuwako kwa wingi, mnyama mwingine mkubwa, mpole, aitwaye nguva.

Wengi wetu tumezoea kumhesabu ndovu kuwa ni mnyama na nguva kuwa ni samaki, na hatufikiri kwamba wana uhusiano wo wote. Walakini wataalamu wamethibitisha ya kuwa hawa wawili ni jamaa, ingawa wa mbali sana. Katika somo hili twataka kueleza ujamaa wao, kisha tueleze jambo lililo zito zaidi, yaani jinsi wote wawili walivyofikiwa na hatari, na kwa nini dawa iliyomfaa ndovu haimtoshi nguva.

1. NGUVA NI MNYAMA GANI

Nguva si samaki. Samaki hupumua majini kwa mashavu yake, lakini nguva ana mapafu kama ng'ombe, naye hana budi kupanda juu kila baada ya dakika chache ili avute pumzi. Akizuiliwa chini, hufa maji kama mtu afavyo. Damu yake ni ya moto. Huzaa mtoto aliye hai na kumnyonyesha kwa maziwa.

Urefu wake hufika meta 3, na uzito wake aghalabu ni kati ya kilo 250 na 400, na pengine huzidi. Mikono yake imekuwa kama makasia mawili mafupi. Miguu ya nyuma hana, ila ndani ya mwili imesalia mifupa midogo ya nyonga, kama alama ya kuonyesha ya kwamba wazee wake wa kale walitembea juu ya nchi. Mkia wake umetandaa kwa upana kama wa pomboo. Mifupa yake ni mizito sana, nayo humsaidia kukaa chini ya maji kama farumi imsaidiavyo nahodha kutuliza chombo chake.

Chakula chake ni nyasi za bahari, zile ziotazo katika maji haba penye mchanga na tope. Nyasi hizi si mwani. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua, lakini nyasi za bahari zina mizizi, majani, maua na mbegu kama majani ya kondeni. Nguva huzing'oa kwa mdomo wake mpana ulioinama chini, akala jani pamoja na mzizi, na kwa siku moja aweza kumaliza kilo 40. Mahali alipolisha huacha njia nyeupe mchangani, kama mtu aliyepita na jembe. Kwa sababu hii watu wa nchi nyingine humwita ng'ombe wa bahari.

2. NDOVU

Ndovu, au tembo, hahitaji maelezo mengi, maana hakuna asiyemjua. Yeye ndiye mkubwa kupita wanyama wote wa nchi kavu walio hai leo. Dume lililokomaa laweza kupata uzito wa tani 6. Chakula chake ni majani, magome, matunda na mizizi, naye hula kiasi cha kilo 150 kwa siku. Huishi miaka 60 hata 70. Jike mzee ndiye aongozaye kundi, kwa kuwa ndiye ajuaye visima vya wakati wa kiangazi na njia za kupita.

3. UJAMAA WAO UKO WAPI?

Msomaji atauliza: Mmoja ana mkonga na miguu minne kama nguzo, mwingine ana mkia wa kuogelea. Ujamaa umetoka wapi?

Kwanza, tusidanganywe na sura. Viumbe wakaao mahali pamoja hufanana kwa ajili ya kazi yao, wala si lazima wawe wa damu moja. Popo huruka wala si ndege. Vivyo hivyo pomboo na nguva wote wana mkia mpana, bali si ndugu wa karibu. Jamaa wa pomboo na nyangumi aliye bara ni kiboko. Jamaa wa nguva aliye bara ni ndovu. Tena yuko jamaa wa tatu ambaye ni mdogo sana, naye ni pimbi wa majabalini, pamoja na perere apigaye kelele usiku juu ya miti ya milima ya Usambara. Ni ajabu kwamba perere, atoshaye kubebwa na mtoto, ahesabiwe katika ukoo wa ndovu, lakini ndivyo ilivyo.

Pili, tutazame alama za mwilini. Wanyama wengi wanyonyeshao, kama mbuzi na ng'ombe, wana chuchu nyuma, karibu na miguu. Ndovu jike ana maziwa mawili kifuani katikati ya miguu ya mbele, na nguva jike ana mawili karibu na makwapa. Pembe za ndovu si pembe za kweli, bali ni meno ya juu yaliyokua na kutoka nje; na nguva dume naye akipevuka hutokwa na meno mawili kama hayo, ila ni mafupi. Magego ya wote wawili hayaoti yote kwa mara moja. Ya mbele huisha na kung'oka, na ya nyuma husogea kushika mahali pake. Hata moyo wao ni wa namna moja, maana chini una ncha mbili, hali mioyo ya wanyama wengine wengi ina ncha moja.

Tatu, mifupa ya kale iliyochimbwa ardhini yatoa ushahidi. Katika kisiwa cha Jamaika yalionekana mabaki ya mnyama wa ukoo wa nguva aliyeishi miaka milioni 50 hivi iliyopita, na habari zake zikatangazwa mwaka 2001. Huyo alikuwa na miguu minne kamili ya kutembelea. Nako Misri, katika nchi ya Fayum, imepatikana mifupa ya jamaa wa kale wa ndovu aliyekuwa akishinda majini kama kiboko. Basi yaonekana ya kuwa wazee wao waliishi kando ya maji, kisha wengine wakaingia baharini moja kwa moja, na wengine wakashika bara. Wataalamu wa siku hizi wamepima asili ya damu yao kwa vyombo vya kisasa, nao wameona hivyo hivyo: walitengana yapata miaka milioni 60 iliyopita.

4. HESABU YA KUZAA

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Katika mambo yote ambayo jamaa hawa walirithi pamoja, moja ndilo liwatiayo hatarini zaidi, nalo ni kuzaa kwa taratibu sana.

Mtu akinunua mbuzi jike mmoja, mimba yake ni miezi mitano, na pengine huzaa pacha. Baada ya miaka michache mwenye mbuzi ana kundi. Lakini ndovu huchukua mimba miezi 22, huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka minne au mitano kabla ya kuzaa tena. Nguva huchukua mimba miezi 13 au 14, huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha mwaka mmoja na zaidi, na hukaa miaka mitatu hata saba kabla ya kupata mwingine. Tena nguva jike aweza kufika miaka 10, au hata 15, bila kuzaa mtoto wa kwanza. Maisha yao ni marefu, kwani nguva aweza kuishi miaka 70. Na kwa kuwa huishi sana, iliwatosha kuzaa haba, maadamu hapakuwa na mwenye kuwaua.

Wataalamu wamekadiria ya kwamba kundi la nguva, hata likipata malisho mema na amani tele, haliwezi kuongezeka zaidi ya 5 katika kila 100 kwa mwaka. Mwalimu na aandike hesabu hii ubaoni: Katika bahari fulani wamo nguva 40. Ongezeko lao kwa mwaka, likiwa jema kabisa, ni 2. Basi majarife matatu tu yakinasa nguva mmoja mmoja katika mwaka huo, kundi limekwisha kuanza kupungua. Kila mvuvi atasema, "Mimi nimepata mmoja tu," naye atasema kweli. Walakini bahari inafilisika.

Wala tusidhani ya kwamba jambo hili ni la kutisha watoto. Mwaka 1741 mtaalamu mmoja, Georg Steller, aliyekuwa katika jahazi lililovunjika katika visiwa vya bahari ya baridi kaskazini, kati ya Urusi na Marekani, alimwona mnyama wa ukoo wa nguva aliyekuwa mkubwa mno, hata kufika meta 8. Mabaharia na wawindaji wa ngozi wakapata habari, wakawa wakimwua kwa ajili ya nyama yake. Kufika mwaka 1768 hakusalia hata mmoja. Miaka 27 tu ilitosha kumaliza taifa zima la wanyama wale.

5. YALIYOMPATA NDOVU

Adui wa ndovu ajulikana, naye ni tamaa ya pembe. Sisi watu wa pwani hatuwezi kujifanya wageni katika habari hii. Zamani misafara ilishuka kutoka bara hadi Pangani na Bagamoyo ikiwa na pembe mabegani mwa wapagazi, nazo zikavushwa Unguja kuuzwa ng'ambo.

Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya pembe baina ya nchi na nchi, na mwaka uo huo serikali ya Tanzania ilifanya Operesheni Uhai kuwasaka majangili. Ndovu wakapata nafuu. Lakini tamaa ikarudi. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha ndovu 109,000 hivi katika Tanzania. Ile ya mwaka 2014 ilionyesha 43,000 tu na kidogo. Maana yake, katika miaka mitano walitoweka zaidi ya nusu. Ndipo ulinzi ulipokazwa, wakubwa wa biashara ile wakakamatwa na kuhukumiwa vifungo virefu, na mwaka 2019 serikali ilitangaza ya kwamba idadi imepanda kupita 60,000. Hata hivyo, mwaka 2021 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi, uandikao orodha ya viumbe walio katika hatari, ulimwandika ndovu wa nyika za Afrika kuwa yu hatarini, na ndovu wa misituni kuwa yu katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Ni haki pia tuseme ukweli wa mkulima. Mtu ambaye shamba lake la mahindi limekanyagwa usiku mmoja hawezi kumpenda ndovu kwa maneno matupu. Katika nchi zetu watu wamejaribu kufunga mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, au kutandaza kamba na vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu, na mahali pengi ndovu wamegeuka. Ulinzi wa namna hii humsaidia mwenye shamba na ndovu pamoja.

6. YANAYOMPATA NGUVA

Habari ya nguva ni nyingine. Zamani aliwindwa kwa ajili ya nyama yake, ambayo hufanana na ya ng'ombe, na mafuta yake. Siku hizi sheria za uvuvi za Tanzania zinakataza kumvua, kumwua na kumwuza. Hapana biashara kubwa ya nguva, wala majangili wenye bunduki wamtafutao usiku. Na bado anakwisha. Mwezi wa Desemba mwaka 2022 Umoja ule ule wa Uhifadhi uliwaandika nguva wa pwani ya Afrika Mashariki kuwa wamo katika hatari kubwa mno ya kutoweka, kwa sababu waliokomaa hawafiki 250 katika pwani yote. Kundi kubwa lililosalia liko Msumbiji, katika visiwa vya Bazaruto. Kwetu Tanzania mahali pa kumtumainia zaidi ni maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa.

Nani basi amwuaye? Hamwui mtu kwa kukusudia. Jarife hutegwa jioni kwa ajili ya papa na taa, mvuvi akarudi pwani kulala. Usiku nguva huja malishoni, hunaswa, hujipigapiga, na baada ya dakika chache pumzi imekwisha. Asubuhi mvuvi hukuta maiti. Jarife halichagui. Sisi watu wa Tanga twalijua hili kuliko wengine, kwa maana wavuvi wa pwani yetu wamekuwa wakipata katika majarife ya maji marefu yule samaki wa kale aitwaye silakanti, ambaye hakuna aliyekwenda kumtafuta. Kwa ajili yake hifadhi ya bahari ya Tanga iliwekwa mwaka 2009, nayo Kigombe imo ndani yake.

Pamoja na jarife kuna juya likokotwalo chini na kung'oa nyasi za bahari, na kuna baruti, ambayo kwa miaka mingi ilivunja miamba ya pwani hii. Nyasi zikiharibika, nguva hana malisho, na watoto wa samaki, kama tasi na pono, hawana mahali pa kujificha. Basi amlindaye nguva amelinda na kitoweo chake.

Nilipokuwa Kigombe nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mnazi, nikamwuliza habari za nguva. Akaniambia, "Mwanangu, baba yangu alipomleta nguva ufuoni, mji mzima uliitwa kugawana. Mimi nimevua tangu ujana hata mvi hizi, nimemwona mara mbili. Mjukuu wangu huyu amemwona kitabuni." Nikamwuliza, "Na leo akiingia katika jarife lako, babu, utafanyaje?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nikimkuta hai, nitafanya shauri. Lakini wavu huu ndio shamba langu." Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo naona ya kwamba swali lote la nguva limo katika maneno yale.

7. YATUPASAYO

Tukilinganisha, twaona hivi. Ndovu aliponzwa na watu wabaya, na kwa hiyo askari na mahakama zaweza kumsaidia sana. Nguva anaponzwa na watu wema wafanyao kazi ya halali. Askari hawezi kukaa juu ya kila jarife usiku kucha. Atakayemwokoa nguva ni mvuvi mwenyewe, akisaidiwa na mji wake.

Nayo si ndoto. Mpango wa kuhifadhi pwani ya Tanga ulipoanza mwaka 1994, Kigombe ilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza, na watu wenyewe walikubaliana kufunga baadhi ya miamba ili samaki wapate kuzaliana. Walioweza shauri lile waweza na hili.

Kwanza, jarife lisitegwe juu ya malisho ya nyasi za bahari. Pili, mwenye jarife asiliache peke yake usiku. Akilizungukia, aweza kumkuta nguva angali hai. Tatu, akimkuta, amwinue kichwa apate pumzi, kisha akate matundu yaliyombana, amwache aende zake. Nne, kijiji kifanye shauri la kusaidia gharama ya kushona wavu uliokatwa, maana si haki hasara ya kulinda mali ya wote ibebwe na maskini mmoja. Tano, amwonaye nguva, hai au mfu, atoe habari kwa kamati ya ulinzi wa pwani au ofisi ya uvuvi, naye asihukumiwe kwa kusema kweli. Kwani mtu akiogopa kusema, nguva hufichwa, na hesabu haijulikani.

Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Tukumbuke ya kwamba haba na haba hukimaliza kibaba pia. Ndovu tulimwona akipungua, tukapiga kelele, kwa kuwa ni mkubwa na mizoga yake ilikuwa juani mbele ya macho yetu. Jamaa yake hufa chini ya maji, usiku, pasipo mlio. Yeye hana wa kumpigia kelele isipokuwa wale wakaao karibu naye.

MASWALI YA SHULE

1. Taja alama tatu za mwilini zionyeshazo ya kwamba nguva na ndovu ni jamaa.
2. Kwa nini nguva akinaswa katika wavu hufa, hali papa aweza kukutwa hai?
3. Katika ghuba moja wamo nguva 60. Wakiongezeka 5 katika 100 kwa mwaka, wataongezeka wangapi? Wakinaswa wanne katika mwaka huo, kundi limezidi au limepungua, na kwa kiasi gani?
4. Nyasi za bahari na mwani vyatofautianaje?
5. Waulize wazee wa kijiji chenu ni lini walimwona nguva mara ya mwisho, na mahali gani. Andika majibu yao katika daftari ya shule.